Kanga wa Kona ya Juu

Asubuhi ile ukurasa wa Mama ulipokufa, nilikuwa nafungua duka langu la saiba mjini Migori. Shemeji alinipigia simu kutoka nyumbani, upande wa Rodi Kopany, na bila hata kunisalimia akasema, "Shem, mdomo wa Mama umekufa."

Nilishika kufuli mkononi nikasahau kazi yake. Nilidhani ni kiharusi cha pili.

"Umekufa vipi?"

"Ni nyeupe tu. Nabonyeza hapa, nabonyeza pale, hakuna kitu. Nyeupe pee kama unga."

Hapo nilipumua. Alikuwa anasema juu ya tableti, ile simu pana niliyompelekea Mama baada ya kiharusi kumchukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Mama anasikia kila kitu. Anaelewa kila kitu, na ukikosea anakucheka. Ila neno halitoki. Daktari alituambia tungoje, pengine litarudi. Tulingoja hadi tukaacha kuulizana. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayetakiwa kukaa karibu na nyumba ya mama yake. Mimi niko Migori nachapa watu barua za kuomba kazi. Basi nilimpa nilichokuwa nacho, nacho ni ukurasa.

Nieleze kidogo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na tovuti yangu ya majaribio. Usifikiri ni kitu cha maana. Kulikuwa na saa inayorudi nyuma, kulikuwa na samaki anayekimbia ukimgusa kwa kidole, kulikuwa na wanyama waliopangwa juu ya kila ukurasa ambao ukiwabonyeza wanalia. Hakuna aliyeitembelea ila mimi na watu niliowalazimisha. Mama alipougua, niliongeza humo ukurasa wa vitufe: picha ya glasi, ukiibonyeza sauti ya Shemeji inasema kwa Dholuo, "Maji." Vingine ni "Naumwa", "Choo", "Ndiyo", "Hapana", "Njoo", "Asante". Mama aliuzoea haraka kuliko nilivyotarajia. Shemeji, ambaye ni mke wa kaka yangu wa pili, ndiye anayekaa naye. Kaka mwenyewe hushinda Karungu kwenye biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani. Ni yeye Shemeji aliyeuita ukurasa ule mdomo, na jina likakwama.

Sasa mdomo ulikuwa umekufa, tena wakati mbaya.

Mvua ilikuwa imeanza. Kwetu mbegu haiingii udongoni ovyo. Mama mwenye boma ndiye anayeanza kupanda, hata kama ni punje chache tu. Akimaliza, anafuata mke wa mwana wa kwanza, halafu mke wa mwana wa pili, kwa mpango huo. Anayemruka mwenziwe anaitafutia nyumba yake balaa. Shemeji ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, lakini mambo ya mbegu hachezei. Kwa hiyo alimbeba Mama na kiti chake hadi shambani, akammiminia mahindi kwenye kiganja cha kushoto, akamwambia, "Mama, tuanzie." Mama aliyatazama mahindi yale, akayarudisha kibuyuni. Shemeji akajaribu tena siku iliyofuata. Mama akafunga ngumi.

"Anakataa na hawezi kuniambia kwa nini," Shemeji akasema. "Majirani mahindi yao yameshachungulia. Tengeneza huo mdomo, Shem, aseme shida iko wapi. Tukikosa mvua hii tutakula nini?"

Nikasema natengeneza. Nikasema leo leo.

Wueh! Heri ningenyamaza. Tovuti ile niliijenga kwa zana zilizokuwa zinasifiwa wakati ule. Ili uandike neno moja kwenye ukurasa, ilibidi kwanza uvute vifurushi vya programu za watu usiowajua, na kila kifurushi kilikuja na jamaa zake, na jamaa walikuja na jamaa zao, kama matanga. Vyote hivyo kwa ajili ya picha ya glasi ya maji! Sasa waliokuwa wananihifadhia tovuti bure walikuwa wamebadilisha mitambo, na zana zangu za zamani hazitakiwi tena. Nilipojaribu kuijenga upya, kompyuta ilinitapikia maandishi mekundu. Nikarekebisha moja, yakaja mengine. Mteja mmoja mama mtu mzima, aliyeletwa na shida ya kitambulisho, aliniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine imekukosea nini?" Nikagundua nilikuwa natukana kwa sauti.

Nikasema sawa, nitatumia zana mpya kabisa. Nikavuta vifurushi vingine, bando ikaisha, nikanunua nyingine. Kwenye laptopu yangu ukurasa ukafunguka vizuri, hata nikaanza kupiga mluzi. Nikampigia Shemeji afungue. Akafungua.

"Ni nyeupe," akasema.

Tableti ya Mama ni ya zamani, na kivinjari chake hakikubali kusasishwa tena. Zana mpya hazikijui, na chenyewe hakizijui. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaangalia ukuta. Sijui kama umewahi kuwa na mama yako anakungoja na mikono yako miwili haina la kufanya. Unajiona mjinga. Watu wa mtaa wananiita fundi, wananiletea simu zilizozama chooni, na mimi nashindwa kumrudishia mama yangu neno "maji".

Ndipo nilipotupa kila kitu. Nilifungua faili tupu, nikaandika kwa mkono, mstari kwa mstari, kama tulivyofundishwa mwanzo kabisa kabla ya kudanganywa na fasheni. Picha, sauti, kitufe, basi. Hakuna kifurushi hata kimoja. Ni kama uji: unga, maji, moto. Na kwa kuwa hasira zilikuwa bado zinachemka, nilifagia takataka zote. Saa inayorudi nyuma, toka. Samaki, toka. Wanyama wa juu, tokeni, tena sauti zao nilikuwa nimeziazima kwenye tovuti ya mtu mwingine ambayo nayo haipo siku hizi. Kulikuwa pia na kiduara kilichokuwa kinazunguka ukurasa unapofunguka, kile cha kukuambia ngoja kidogo. Nacho nikakitoa. Ukurasa wangu mpya haukuwa na haja ya kumngojesha mtu.

Ulifunguka kwenye tableti ya Mama papo hapo. Shemeji alipiga kigelegele, nikakisikia simuni, nikajisikia mwanamume.

Tukawasha video nione. Mama alikuwa kitandani, kitambaa kichwani, uso umeinamia upande mmoja. Akabonyeza "Asante". Machozi yakanilenga, sitaficha. Shemeji akamletea kibuyu cha mbegu, akamuuliza, "Mama, mbona hutaki kupanda?"

Mama akainua kidole cha kushoto, akakipeleka juu kabisa, kona ya kulia, mahali pasipo na kitu. Akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Mkono unateleza," nikasema. "Vitufe ni vidogo."

Nikaviongeza ukubwa. Uzuri wa kazi hii ni kwamba natengeneza nikiwa Migori na yeye anaona kule kule, sina haja ya kusafiri. Siku ya pili tukajaribu tena. Kidole kikapanda kona ile ile. Nikaviongeza tena, vikawa kama sahani. Kidole kikavipita vyote, kikaenda kugonga pembeni, tok, tok, tok, na Mama akamtazama Shemeji kwa macho makali, halafu akaitazama kamera, yaani mimi.

Nilianza kuamini kwamba hata akili sasa inaondoka. Nilijiambia, haya, mkono wa kushoto nao unaaga. Nilienda nyuma ya duka, pale tunapoweka jenereta, nikalia kama mtoto. Jirani yangu mwenye duka la vitambaa, Mwislamu aliyehamia hapa miaka mingi iliyopita, alinikuta akaniletea chai ya tangawizi bila kuuliza kitu. Nilikunywa nikarudi kazini.

Nilichoweza kufanya ni kuongeza maneno. Nikamrekodi Shemeji kwa simu: "Mbegu." "Shamba." "Mvua." Nikayaweka. Tukamuuliza Mama tena. Safari hii hakusita. Akabonyeza "Mbegu". Akabonyeza "Hapana". Kisha kona tupu, mara nyingi, kwa nguvu, hadi tableti ikateleza magotini.

Shemeji aliiokota akaipangusa, akaipangusa tena. Hakuuliza Mama anataka nini.

"Pale anapobonyeza," nikauliza, "zamani palikuwa na nini?"

"Hapana kitu pale."

"Sasa hivi hapana. Nauliza zamani."

Akamfunika Mama shuka. Akarekebisha mto. Nikamwona anatafuta la kufanya.

"Kanga," akasema mwishowe. "Yule ndege. Palikuwa na kanga."

Ndipo akanieleza, huku hataki kuitazama kamera. Vitufe vyangu vya maji na choo vilikuwa vya mgonjwa. Mama alivitumia akiwa na shida za mgonjwa. Lakini akitaka kusema mambo ya boma lake, alitumia wale wanyama. Alikuwa amewagawia watu. Punda alikuwa kaka yangu wa Karungu. Jogoo alikuwa mzee wa kanisa, yule anayeomba hadi chakula kinapoa. Mbuzi alikuwa Shemeji mwenyewe.

"Ati kwa sababu natafuna nikitembea," akasema, na hakucheka.

"Na kanga?"

"Wewe unajua ni nani. Nani mwingine anapiga kelele kuanzia alfajiri?"

Nilijua. Mke wa marehemu kaka yetu mkubwa. Mwanamke huyo anaongea akipika, anaongea akifua, tuliwahi kumsikia akiongea usingizini. Asubuhi Mama akibonyeza kanga, alikuwa anakuja mbio kutoka nyumbani kwake akijibu njia nzima. Lakini yeye na Shemeji waligombana, ugomvi wa jikoni, unga wa nani umeisha na sufuria ya nani imetoboka, na maneno yakapita mipaka. Shemeji alimwambia boma hili halina mume wake tena. Siku ile ile yule mjane akafunga virago, bila mimi kuambiwa, akaenda Osiri kuwapikia wachimba dhahabu chapati na maharagwe.

Sasa nikaelewa. Mama hakuwa anakataa kupanda. Alikuwa anakataa kuanza mstari ambao mtu wake wa pili hayupo.

"Ulijua," nikamwambia Shemeji. "Siku zote hizi unamwona anagonga pale, na ulijua."

"Nilijua," akasema. "Sasa ulitaka nifanye nini? Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayemgeuza. Halafu kila akiamka anamwita yule. Na mimi ni mtu, Shem."

Yeye alikuwa pale. Mimi nilikuwa Migori.

Nikaanza kumrudisha kanga. Picha niliipata. Sauti ndiyo iliyokosekana, na mjini hapa kanga utamtoa wapi? Mwisho nilifunga mlango nusu, nikaishika simu karibu na mdomo, nikalia kama kanga. Sauti ilitoka kama mlango wa chuma unaotaka mafuta. Kijana aliyekuwa anachapisha cheti alicheka akakosa pumzi. Nikamwambia chapisha chako ondoka. Nikarudia hadi koo likauma, nikachagua iliyokuwa na nafuu, nikaiweka kona ya juu kulia pale pale. Mbuzi, punda na jogoo nao nikawarudisha kwa koo hilo hilo.

Kisha nikampigia simu kanga mwenyewe, kule Osiri. Shemeji mkubwa alipokea akaongea kabla sijamaliza salamu: vumbi, mashine za kusaga mawe, wachimbaji wanaokula na kutoroka, magoti yake. Nilipomwambia arudi apande, akasema harudi. Amefukuzwa mchana kweupe, amesikia kwa masikio yake, yeye si mbwa wa kupigiwa mluzi. Akaongea muda mrefu juu ya hilo. Nikamwomba asikate, nikamuunganisha na simu ya nyumbani, nikamwambia Shemeji ampe Mama tableti.

Tukamsikia kanga. Yaani tukaisikia sauti yangu, na uchakavu wake wote. Mara moja, kisha tena, kisha tena, Mama hampi hata nafasi ya kumaliza.

Upande wa Osiri mashine zilisikika kwa mbali, lakini yeye kimya, jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu aolewe kwetu.

"Ni nani huyo analia vibaya hivyo?" akauliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Ni mimi," nikasema. "Lakini anayebonyeza ni Mama. Anakuita."

"Naskia," akasema. Kisha akakata.

Mama aliendelea kubonyeza. Shemeji alijaribu kumnyang'anya tableti taratibu, akashindwa. Siku ile mvua ilinyesha kubwa, nayo siku iliyofuata pia, na shamba letu jeusi lilikaa wazi likinywa maji ya bure. Mimi nilikuwa nikimpigia yule wa Osiri, simu haishikwi. Nikamwandikia, hajibu. Nilikuwa nimekwisha kufanya kila ninachojua kufanya.

Akaja. Alifika na viatu vya mpira vya machimbo, mfuko begani, amelowa. Shemeji aliniambia kwamba hakumsalimia mtu. Alipita moja kwa moja hadi kwa Mama, akakaa sakafuni karibu na kitanda, akaanza kumweleza habari za Osiri tangu mwanzo, nani ameporomokewa na shimo, nani ameoa. Mama alisikiliza yote. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kibuyu.

Walinipigia video nishuhudie, simu imeshikwa na mtoto wa jirani. Walimbeba wote wawili, huyu upande huu na yule upande ule, hawasemezani lakini hatua zao zinaenda pamoja. Niliona kiti kikizama kidogo kwenye tope. Niliona Shemeji mkubwa akichimba kishimo, nikaona ngumi ya Mama ikianza kufunguka. Hapo mtandao ukakwama. Picha ikaganda, na katikati ya skrini yangu kikatokea kiduara, kikazunguka. Nilikisubiri. Niligonga simu, nilitoka nje ya duka nikaiinua juu kama mwendawazimu, kiduara kikazunguka tu. Picha iliporudi, walikuwa tayari kwenye mstari wa tatu na Mama amefunikwa leso pana begani.

"Umeona?" Shemeji akauliza.

"Nimeona," nikasema.

Jioni yake Shemeji mkubwa akanipigia mwenyewe, na alipokwisha kunieleza mambo yote mengine, akaniuliza, "Na wewe mbona ulijitoa?"

"Nilijitoa wapi?"

"Kwenye huo mdomo wa Mama. Sisi wote umeturudisha, mbuzi, punda, mimi na sauti yangu mbaya. Wewe uko wapi?"

Nikamwambia sikujua kama nilikuwemo. Nikamuuliza nilikuwa mnyama gani. Kusema kweli nilitega sikio. Nilitarajia hata fisi.

Akacheka. "Hukuwa mnyama. Kile kiduara cha mwanzoni, kinachozunguka kabla ukurasa haujafunguka. Mama akikiona alikuwa anakigusa kwa kidole, anatutazama, anacheka. Tukajua anakusema wewe. Kila ukipiga simu, nakuja, nakuja, ngojeni kidogo. Sasa anafungua asubuhi, anatazama pale katikati, hakipo."

Niliagana naye nikawasha laptopu.

Nilikirudisha. Niliandika mistari michache, kiduara kizunguke kabla vitufe havijatokea. Hakikuwa na kazi. Ukurasa ulikuwa tayari nyuma yake, unafunguka mara moja, na mimi namngojesha mama yangu kwa makusudi ili apate kuniona. Nilichagua rangi anayopenda, ya bluu ya Umoja wa Akina Mama wa kanisani kwake. Nikajiambia angalau hili nimeweza.

Asubuhi Shemeji akapiga simu.

"Amekiona," akasema. "Amekigusa."

"Amecheka?"

"Hajacheka. Amengoja kikaisha. Halafu amebonyeza 'Hapana'." Nyuma yake niliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye tableti, neno moja, linarudiwa. "Sasa anabonyeza 'Njoo'. Unasikia? Hataki kuacha. Nimwambieje?"

Mlangoni wateja walikuwa wameshasimama, wawili watatu, na karatasi zao mkononi.

"Mwambie nakuja," nikasema.